Kikapu cha Adventina

Jokofu mlilonipa siku ya kuniaga ni zuri sana, asanteni. Umeme wa huku Biharamulo ndio unaonisumbua, kwa hiyo kwa sasa nalitumia kuhifadhi mbegu za maboga panya wasizifikie. Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, ili ninyi mnaoanza mpate pa kushika. Haya. Lakini nawaambia mapema kwamba nitaandika zaidi nilivyoogopa, kwa sababu katika kazi yetu sikuwahi kuvitenganisha hivyo viwili. Hata sasa nimestaafu, nina mbuzi na migomba na hakuna ofisi inayonisubiri, bado naamka alfajiri nikijiuliza nimemwacha nani mahali pabaya.

Vyeo sitavigusa. Mishahara pia naiacha, nayo iliniacha mara nyingi.

Jina la kazi yetu ni refu: tathmini ya hatari za kijamii katika mnyororo wa ugavi. Marehemu mama yangu hakuwahi kulimaliza. Majirani walipomuuliza, alijibu kwamba Spesioza anapima kahawa, wakaridhika. Mimi nililielewa hivi: kahawa inachumwa Ngara, inamenywa, inaanikwa, inachambuliwa, inapakiwa kwenye lori, inapita Lusahunga na Nyakanazi, inakwenda kunywewa na watu ambao hawatamwona aliyeichuma. Katika kila hatua yupo mtu anayeweza kuumizwa na mwenzake mwenye nguvu. Kazi yetu ni kumwona kabla hajaumia, au angalau kabla hajazoea. Kampuni ilituajiri kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walianza kuuliza maswali. Wasingeuliza, nadhani ningestaafu ualimu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nyakanazi. Nilikabidhiwa kwa mzee Anatoli, Mhangaza wa Ngara, aliyekuwa bwana shamba miaka mingi kabla hajahamia kwetu. Tulitakiwa kujua wanawake wanaopika na kufua mashuka kwenye nyumba za wageni, wanakolala madereva wa malori yetu, wanatendewaje. Nilivaa kizibao kipya chenye jina la kampuni mgongoni, nikashika maswali yangu, nikamvaa mama ntilie mmoja aliyekuwa akigeuza chapati. Nilimuuliza kama amewahi kunyanyaswa. "Hakuna shida, dada." Nilimuuliza kama anapata muda wa kupumzika. "Hakuna shida." Kila swali lilipata jibu hilo hilo, hata nilipomuuliza mwajiri wake anaitwa nani.

Anatoli alikuwa ameketi kwenye benchi na chai yake. Hakuuliza kitu. Alimsifu mama yule kwa chapati, akalalamika juu ya magoti yake, akazungumzia mvua. Alipokuwa akiomba kikombe cha pili, mama yule akainama karibu naye akamuuliza kama tunamjua muuguzi. Binti anayefua mashuka nyumba ya pili alikuwa na homa tangu jana, na mwenye nyumba amemkataza kutoka mpaka mashuka yaishe. Tulikwenda tukamchukua, tukampeleka zahanati kwa gari letu, akapona. Wakati wa kurudi nilikivua kizibao nikakisukuma chini ya kiti. Maandishi yake yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa nikishangaa kwa nini watu hawaniambii siri.

Anatoli ndiye aliyenifundisha kuangalia choo kwanza. Mkifika kiwandani, waacheni wenyeji wawasomee risala, lakini macho yenu yatafute choo. Choo kipya kisicho na njia iliyokanyagwa kimejengwa kwa ajili yenu, na mkiondoka kitatiwa kufuli. Alinifundisha pia kuvaa buti za mvua hata wakati wa kiangazi, maana mwenye viatu vizuri hapelekwi mahali penye tope, na mambo mengi huwa yako penye tope. Kubwa kuliko yote ilikuwa chupa ya chai. Alikuwa na chupa moja kubwa na vikombe vya bati vinavyolingana, na alivitumia kwa namna ambayo sikuiona katika kitabu chochote cha mafunzo.

Jambo lenyewe ni hili. Mahali popote pa kazi, ukimwita mtu pembeni, wenzake na wakubwa wake wanatazama amekaa muda gani. Aliyekaa sana ndiye aliyesema. Kwa hiyo Anatoli aliwaita wote bila kuchagua, na kila mmoja alipewa kikombe kimoja cha chai ya moto. Kikiisha, mtu anainuka. Asiye na la kusema tunamshikilia kwa habari za watoto na za mvua mpaka kikombe kiishe. Mwenye la kusema naye anainuka kikombe kikiisha, hata kama ndiyo kwanza ameanza kulia. Hilo la mwisho ndilo gumu. Makao makuu walituita wakaguzi wa chai na kucheka, lakini sikuwahi kusikia kwamba mtu aliyekunywa chai ya Anatoli alijulikana kwa sababu ya kikombe.

Siku moja, tukiwa Lusahunga tunangoja lori lililoharibika, nilijisifu kwake kwamba siku hizi siogopi tena ninapokaa na watu. Aliniangalia kama mtu aliyesikia habari ya msiba. "Spesioza, siku usiyoogopa, acha kazi," akasema. "Sisi tuna gari, tutaondoka. Yeye atabaki pale na yule anayemwogopa." Tangu siku hiyo hofu imenirudia na haijaondoka.

Sasa niwape ile kesi ya Kibimba. Wengi wenu mmeisikia nusu nusu, na mmoja wenu amewahi kunisimulia mimi mwenyewe, tena kimakosa.

Anatoli alikuwa amekwisha kustaafu. Nilitumwa na Yusufu, dereva wetu, Msubi mwenzangu wa Biharamulo, mtu mzima, mpole, anayependa kulala chini ya gari akisema analitengeneza. Tulikwenda kwenye kiwanda kimoja cha kumenya kahawa upande wa Kibimba, kule Ngara. Jina lake naliacha. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa pale huanikwa kwenye vichanja virefu, na wanawake husimama huku na huku wakichambua punje mbaya kwa vidole. Wengine walizaliwa vijiji vile vile, wengine walivuka kutoka Burundi wakaolewa. Kwa kuwasikiliza huwezi kuwatofautisha, kwa sababu lugha za pande zile zinasikilizana, na watu wanaoana na kuzikana. Wanatofautishwa na karatasi tu, na mwenye kutaka kumtisha mtu anajua aanzie wapi.

Msimamizi wa vichanja aliitwa Revokatus. Alikuwa mchangamfu, nadhifu, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Kila asubuhi wanawake walikusanyika nje ya geti, wengi kuliko nafasi zilizopo, naye alisimama ndani akawaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Waliobaki walirudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilipoona kile kidole, nikajua pa kuanzia. Mahali ambapo riziki ya mtu inatoka kwenye kidole cha mtu mmoja, msiulize kama kuna tatizo. Ulizeni limefika wapi.

Nikafungua chupa ya chai. Mchana kutwa walikuja mmoja mmoja chini ya mkaratusi ulioko nyuma ya mizani, na mchana kutwa nilisikia "hakuna shida, mama". Wengine walisema hivyo huku wakitazama geti. Kesho yake akaja Adventina. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mikono mizuri sana. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtu anayeota moto.

"Nikisema, jina langu linakwenda wapi?" aliuliza.

"Haliendi popote. Siliandiki."

Akanywa kidogo. "Yeye alitukusanya kabla hamjafika. Alisema, anayepeleka maneno kwa wageni, na yeye atapeleka jina lake uhamiaji. Mimi nimevuka nikiwa bibi harusi, mama. Karatasi hatukuzimaliza. Mume wangu amekwenda kuchimba dhahabu huko kwenu Biharamulo, na sasa kimya. Watoto ni wa hapa. Nikirudishwa, wao nawaacha na nani?"

Nilimwambia anaweza kunywa chai yake tu na kuinuka, hakuna anayemlazimisha. Akanywa tena.

"Kuna chumba nyuma ya stoo. Anakwambia nenda ukafagie. Ukikubali, kesho unapata kichanja. Ukikataa, unakaa nje ya geti juma zima. Mimi nilikataa. Tukala viazi mpaka viazi vikaisha."

"Halafu?"

Aliangalia ndani ya kikombe. "Halafu nilikwenda kufagia."

Sikumuuliza alifagia nini. Kikombe kilikuwa kimekwisha, na nyuma yake mwenzake alikuwa akisubiri. Nikamwacha ainuke. Nilitamani kumshika mkono, lakini huko kwenye vichanja macho yalikuwa mengi, nikamwambia tu "karibu tena" kwa sauti ile ile niliyowaambia wote. Aliyefuata nilimmiminia chai nyingine nikaimwaga nusu chini.

Mpaka hapo kazi ilikuwa imekwenda inavyotakiwa. Wote walikuwa wamekunywa, hata mpika uji na mlinzi. Ningeandika kwamba malalamiko yapo na chumba kipo, ningewapelekea walio juu ya Revokatus, na yeye asingejua yametoka kinywani mwa nani. Ilibaki kulala siku moja na kuondoka.

Jioni ya siku hiyo, jua bado liko juu, nilikuwa nimeketi barazani kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, hatua chache kutoka geti la kiwanda. Revokatus akaja kutuaga na soda mkononi. Alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Mama mkaguzi, naona hawa wamekunywa chai yako yote. Wamesemaje?"

"Wamesema haina tangawizi."

Akacheka sana. Bado anacheka, nikamwona Adventina akija barabarani. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na kichwani amebeba igiseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge.

Kwa wageni wa huko inabidi nieleze. Shukrani ya heshima huletwa ndani ya kikapu cha namna hiyo, kimefunikwa, na hakikataliwi. Kukikataa ni kumwambia mtu kwamba mkono wake ni mchafu. Tena hakirudi kitupu. Aliyepokea anakirudisha mwenyewe au anakituma, kikiwa na chumvi au sabuni ndani, na akikirudisha mwenyewe lazima aingie nyumbani kwa mwenye kikapu, aketi, wazungumze. Kanuni za kampuni zinakataza zawadi. Aliyeziandika hajawahi kuishi Kibimba. Katika mwongozo wetu mna kurasa nyingi za namna sisi tunavyotunza siri ya aliyesema, ila hamna mstari mmoja juu ya adabu ya aliyesema. Adventina alikuwa ametua mzigo wa miaka mbele ya mgeni aliyemmiminia chai, na alilelewa vizuri. Asingeweza kuniacha niondoke hivi hivi.

Alimwona Revokatus wakati yeye mwenyewe amekwisha kufika kwenye ngazi. Nilimwona anavyobadilika uso. Kurudi nyuma kungekuwa kubaya zaidi, kwa hiyo alipiga goti kidogo, akakitua kikapu miguuni pangu.

"Mwiriwe, mama. Ni maharage tu. Urakoze cane."

Alikuwa amenisalimu za jioni na kunishukuru sana, kwa Kirundi, akaondoka haraka. Revokatus alikuwa akitazama mfuniko, wenye mistari myeusi iliyopandana kama meno ya msumeno.

"Hii ni kazi ya Adventina," akasema taratibu. "Ndiye anayewasukia mabibi harusi wote wa huku. Lakini mama, chai wamekunywa wote. Mbona anayeshukuru ni huyu peke yake?"

Nilijua kwamba nikikaa kimya kwa pumzi moja zaidi, mwanamke yule ameshapotea. Nikasema lililokuja kwanza.

"Peke yake? Huyu ni wa kwanza. Wenzake wanakuja kesho asubuhi. Nimewaomba wote maharage ya mbegu, yetu ya Biharamulo yameliwa na wadudu."

Kutoka chini ya gari sauti ya Yusufu ikadakia: "Na magunia nimeshatafuta." Hakuwa na hata mfuko wa rambo.

Revokatus alitabasamu. "Vizuri. Basi kesho asubuhi nitapita nivione vikapu. Napenda kuona watu wangu wakarimu." Akaiacha soda yake nusu, akaenda.

Yusufu akatoka uvunguni akiwa na oili usoni. Hakuniuliza Adventina alisema nini, na mimi sikumwambia. Alisema tu, "Mama, tumchukue na watoto wake tuondoke sasa hivi."

"Twende nao wapi, Yusufu? Na tukishawaweka huko, wale nini?"

Nilikuwa nimesema uongo, na ulikuwa na muda mpaka asubuhi ugeuke kweli. Kama vikapu visingekuja, Revokatus angekuwa na kikapu kimoja na jina moja.

Nikaenda kwa mama Leokadia. Yeye ndiye aliyekuwa akipika uji wa wafanyakazi, na pia kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisa ambamo wanawake wengi wa vichanjani walikuwemo. Nilitembea nikijipangia maneno, na njia nzima niligongana na ukuta ule ule. Nikimweleza sababu, nitakuwa nimemtangaza Adventina kwa mdomo wangu. Nisipoeleza, kwa nini mtu anisikilize? Nilimkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda."

Nikakaa. "Mama, nina ombi la ajabu. Kila mama anayekwenda vichanjani, aliyechaguliwa leo na ambaye hakuchaguliwa, aniletee maharage kesho asubuhi kabla ya geti kufunguliwa. Ndani ya kikapu chenye mfuniko. Sababu siwezi kuisema."

Kisu hakikusimama. "Adventina amepita hapa na kikapu chake," akasema. "Amevaa nguo ya kanisani, na leo siyo Jumapiri. Nikasema moyoni, mtoto huyu anakwenda wapi?"

Nilinyamaza. Kunyamaza kwenyewe niliona kama kusema.

"Unataka mengi?"

"Hata kiganja kimoja."

"Saa hizi mtu amebakiza ya mbegu tu, mama. Ukimwomba mbegu, umemwomba chakula cha watoto mwakani."

"Najua."

"Na yule bwana atakuwepo, ataona nani amereta."

"Najua, mama. Atakuwepo."

Aliweka ndizi ya mwisho kwenye sufuria, akafuta kisu kwenye kanga. Nilitaka kumpigia magoti. "Mimi sikuurizi sababu," akasema hatimaye. "Nenda ukarare." Hakusema ndiyo, na hakusema hapana.

Usiku ule sina la kuuelezea. Mliowahi kungoja mnaujua.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, geti la kiwanda halionekani. Nilitandika mkeka barazani nikaweka kikapu cha Adventina katikati. Nikakitazama, nikajuta kukiweka pale. Nikafikiri nikifiche ndani, nikaona hapana, amekwisha kukiona. Yusufu aliswali, kisha akakaa kwenye usukani, funguo mkononi, mlango wazi. Wazo lake la jana hakuwa ameliacha.

Revokatus alifika mapema kuliko nilivyotarajia. Amevaa koti la mvua, ananukia sabuni. Akakaa kwenye kiti kile kile. "Naona kimoja," akasema.

"Bado mapema."

"Watu wangu huwa hawachelewi, mama. Kama waliambiwa." Akavuta kikapu kwa ncha ya kiatu, polepole, akikizungusha aone mistari yake yote. Nilihisi kama amemgusa Adventina mwenyewe. Nikamwambia kwamba kile ni chakula, hakiguswi kwa mguu. Aliniomba radhi kwa heshima zote. Kisha tukakaa. Nilianza kupanga maneno ya kumsihi, nikajua kwamba kumsihi ni kukiri. Nikapanga maneno ya kumtisha, nikakumbuka kwamba nitaondoka na gari.

Wa kwanza kutoka kwenye ukungu alikuwa mama Leokadia, na kikapu kichwani. Alipanda ngazi akihema, akakitua kando ya kile cha Adventina. "Mbegu zako hizo," akasema, akaenda kusimama pembeni. Nyuma yake akaja mwingine, kisha wawili pamoja, kisha kundi. Walikuja bila kuzungumza, wakinisalimu mimi, wakitua, wakisogea. Walikuja waliochaguliwa na ambao hawakuchaguliwa. Akaja binamu yake Revokatus mwenyewe, ambaye kwenye chai alikuwa amesimulia habari za kuku tu mpaka kikombe kikaisha. Wapo ambao vikapu vyao vilikuwa na mfuniko wa sahani, kwa sababu hawakuwa na igiseke. Adventina naye alikuja, mikono mitupu, akasimama katikati yao kama aliyekuja kutazama. Kikapu chake kilikuwa kimezungukwa, na ili kukifikia ingebidi uruke vya wenzake.

Revokatus alikuwa amesimama. Macho yake yalikwenda kutoka mfuniko hadi mfuniko. Alizijua zile kazi zote na mikono yote iliyozisuka, na hazikumsaidia kitu. Mimi nilikuwa nikipumua tena, lakini kidogo kidogo, kwa sababu nilikuwa nikiwaza kesho ya wote hawa wakiwa nje ya geti mbele ya kidole chake.

Hapo wanawake wakapisha njia. Aliyekuwa akija alikuwa Mama Devota, mke wa Revokatus. Tulikuwa tumesalimiana mara moja tu, nje ya kanisa. Yeye hakuwa akifanya kazi kiwandani, na chai yangu hakuwahi kuinywa. Alikuwa amebeba igiseke kubwa, lenye mfuniko mpya.

"Mama Devota," mumewe akasema, "wewe nani kakutuma?"

Alipita vikapu vya wenzake bila kukiweka chake kwenye mkeka, akaja mpaka mbele yangu, akakishikilia kwa mikono miwili.

"Mama, hiki usimpe dereva akirudishe," akasema, kwa sauti iliyosikika na wote. "Ukilete mwenyewe nyumbani. Njoo mchana, baba Devota akiwa kazini."

Kila aliyesimama pale alijua maana yake. Nikikirudisha, nitaingia ndani kwake, nitaketi, naye atasema anachotaka kusema. Revokatus naye alijua. Alifungua mdomo, akawatazama wanawake wote wale, akaufunga. Hakuna mume wa huko anayeweza kukataza kikapu cha mkewe kisirudishwe, mbele ya watu. Baadaye, aliyonieleza mama huyo nyumbani kwake ndiyo yaliyomwondoa Revokatus kazini, na kwa kuwa aliyasema mke wa ndoa na jina lake akalitoa mwenyewe, la Adventina halikuhitajika popote. Na vile vikapu vingine nilivirudisha vyote, kila kimoja na chumvi na maharage ya shambani kwangu, ambayo hayakuwa yameliwa na wadudu wowote.

Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo bado. Nilinyoosha mikono nikakipokea kikapu cha Mama Devota, nikijiandaa kwa uzito wa maharage, na kikaja juu chepesi kiasi kwamba nusura nikirushe. Hakikuwa na hata punje moja. Hakuwa ameniletea kitu. Alikuwa ananiita, na mumewe amesimama pale pale.